Nilivyowafundisha wanafunzi wa optometria (upimaji wa macho na miwani) hesabu za duka la miwani

Kipindi cha kwanza sianzi na mpango wa biashara. Naweka miwani moja mezani na kuuliza: hii imetugharimu kiasi gani? Wengi hutaja fremu na lenzi, kisha kimya. Basi tunaichambua kwa bei za mfano, shilingi za Tanzania: fremu 15,000, jozi ya lenzi 8,000, kukata na kufunga 5,000, kasha na kitambaa 2,000. Jumla 30,000. Ikiuzwa 60,000 zinabaki 30,000, na hapo darasa huanza kutabasamu mapema.

Tunahamia gharama za mwezi. Pango 400,000, msaidizi 300,000, umeme na intaneti 80,000, leseni na kodi zikigawanywa kwa mwezi 120,000, mshahara wa mwenye duka 900,000. Huo wa mwisho husahaulika sana; wanadhani watakula kitakachobaki kwenye droo. Jumla 1,800,000, yaani miwani 60 ndipo duka lijilipe. Kisha nawaambia wapunguze bei kwa 10,000 tu. Kila miwani sasa inabakiza 20,000, na zinahitajika 90.

Kwa hiyo tunafanya mazoezi ya kukabili maombi ya punguzo, wawili wawili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Elfu sitini nyingi mno, nipunguzie."

"Lenzi mama siwezi kuzigusa, ndizo dawa yenyewe. Ila kuna fremu hii ya bei nafuu, hebu ijaribu."

Bei imeshuka kwa sababu gharama imeshuka. Mwanafunzi anayeshusha bei huku fremu ni ileile, anarudia zoezi.

Kinachotafuna faida kimyakimya ni miwani ya kurudia. Lenzi na kukata upya ni 13,000, na mara nyingi chanzo ni umbali wa mboni, yaani kati ya mboni ya jicho moja na ya jingine, uliopimwa kwa haraka. Mteja wa lenzi zenye nguvu ya -6.00, lenzi moja ikikaa milimita 4 pembeni ya mboni, anapata prizimu 2.4, yaani mwanga unapindishwa kabla ya kuingia jichoni (sentimita 0.4 mara 6). Kichwa kitamuuma na atarudi. Naagiza umbali upimwe mara mbili, na sababu ya kila marudio iandikwe: kipimo, fremu, maabara au mteja.

Malipo ya awali ni nusu, kamwe si chini ya gharama. Lenzi zilizokatwa kwa macho ya mtu mmoja hazina mnunuzi mwingine. Miwani zinazolipiwa na bima zina daftari lake: fomu isiyo na saini au tarehe hurudishwa, na mauzo ya bima si fedha mpaka yaingie benki.

Mtihani wa mwisho ni daftari la siku 5 nililoficha makosa matatu: malipo ya awali yaliyohesabiwa kama faida, fremu iliyotoka stoo bila kuandikwa, na nauli ya kwenda maabara iliyolipwa kutoka mfukoni. La tatu ndilo huwashinda wengi.