Arobaini bila mtoto

Nilitolewa kizazi mwaka 2017, hospitali ya Bombo, Tanga, nikiwa na miaka 44 na watoto watatu. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo hedhi yangu ilikuwa ya mabonge. Nilikuwa nafundisha darasa la nne nikiwa nimejifunga kanga ndani ya sketi, na siku nyingine nikishindwa kusimama ubaoni kwa kizunguzungu. Nilipopimwa, wingi wa damu ulikuwa 6.4. Daktari akasema kwa damu hiyo hanipasui. Nikaongezewa damu kwanza, kisha nikameza vidonge vya madini ya chuma mpaka kipimo kikapanda. Altrasaundi ilionyesha fibroidi, uvimbe usio wa saratani, na kizazi kilikuwa kimetanuka kufikia ukubwa wa mimba ya wiki 18.

Daktari alituita mimi na mume wangu pamoja. Zipo dawa za kupunguza damu, alisema, na upo upasuaji wa kuutoa uvimbe peke yake kwa mwanamke ambaye bado anataka kuzaa, ila uvimbe huweza kuota tena. Mimi nilishamaliza kuzaa na nilishachoka. Angetoa kizazi pamoja na mlango wake, lakini mifuko ya mayai angeiacha. Maana yake hedhi ingekoma, ila yale majoto ya ukomo wa hedhi yasingeniangukia kwa ghafla. Mume wangu ndiye aliyeuliza nililokuwa naliogopa: je, faragha yetu itaendelea? Daktari akamjibu kwa upole kwamba itaendelea, ila tusubiri wiki sita na yeye anikague kwanza. Nikatia sahihi.

Upasuaji niliouhofia usiku na mchana ulikuwa sehemu fupi kuliko zote. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni, miguu ikawa mizito, halafu ikawa kama si yangu. Nilikuwa macho. Nilisikia vyombo vikigongana, nikasikia tumbo likivutwa bila maumivu, nikashika dua zangu. Maumivu yalikuja usiku, ganzi ilipoisha. Kesho yake asubuhi sista akanitoa mrija wa mkojo na kusema, "Mama, leo tunatembea." Nilidhani amekosea kitanda. Akanieleza kwamba mtu akilala tu baada ya kupasuliwa, damu inaweza kuganda miguuni, na hiyo ni hatari kuliko mshono. Akanifundisha kujigeuza ubavu kwanza, kisha kuinuka kwa nguvu ya mikono, na kukumbatia mto tumboni kila ninapotaka kukohoa. Ule mto uliniokoa. Niliuegemea hata kwenye bajaji wakati wa kurudi Makorora, kila tulipoingia kwenye shimo.

Siku ya kuruhusiwa, shangazi yangu alikuwa ameshafika kutoka Pangani na kapu lake. Alimkabili sista palepale wodini.

"Mwanangu, huyu nitamkanda?"

"Mgongo na mabega, bibi, mkande. Tumbo na miguu usiguse, na kidonda kikae kikavu."

"Na kumfunga tumbo?"

"Mkanda wa kumshikilia akisimama, sawa. Kibwebwe cha kumbana, hapana."

Shangazi akafikiri kidogo, akakubali. Kisha akatangaza kuwa mimi ni mzazi na nitakaa arobaini.

Hapo ndipo ninapomshukuru mpaka leo. Kwetu mwanamke akijifungua, nyumba nzima inajua la kufanya. Hapiki, hachoti maji, hafui, analetewa uji wa pilipili manga kitandani. Mtoto aliye pembeni yake ndiye shahidi kwamba mama huyu ametoka kwenye jambo zito. Mimi sikuwa na shahidi. Majirani waliniona natembea uani wiki ya pili wakasema alhamdulilahi, umeshapona. Wifi yangu, kwa nia njema kabisa, akauliza kama Jumamosi nitaweza kusimamia mapishi ya hitima. Na mimi mwenyewe nilikuwa naitazama ndoo ya maji nikiona aibu mwanangu wa miaka tisa kuibeba.

Shangazi hakuwapa nafasi. "Mshono mnaouona ni wa nje," aliwaambia. "Upo mwingine ndani, juu kule mlango wa kizazi ulipokatwa, na huo ndio wa mwisho kupona." Alikuwa ameyashika maneno ya sista kuliko nilivyoyashika mimi. Kila asubuhi, kabla ya salamu hazijaisha, alinihoji: una homa? Uchafu unanuka? Mguu umevimba au unauma nyuma ya goti? Damu je? Matone ya kahawia aliyakubali, kwa kuwa sista alishasema yatakuwepo. Damu nyingi nyekundu ingetupeleka hospitali saa hiyohiyo. Alinipikia supu ya changu, na papai halikukosekana, maana dawa za maumivu hufunga choo, na kujikamua na mshono ule ni adhabu.

Wiki ya tatu, jioni moja, nilikuwa nakunja nguo nikakuta zile kanga kuukuu za hedhi. Nililia mpaka nikalazimika kushika tumbo. Sikuwa najuta, nilikuwa nimepumzika na damu kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Lakini nililia. Nilitegemea shangazi anikemee, kwamba nimshukuru Mungu niko hai. Akakaa kitandani akasema, "Hapo walikaa wajukuu zangu watatu. Pasililiwe kwa nini?" Akazichukua kanga, na sikumuuliza amezipeleka wapi. Majibu ya maabara yalikuwa yameshatoka, hakuna saratani, na usiku ule nililala bila kuamka.

Arobaini ilipofika alinifukiza udi, akanipaka hina, akaniruhusu nitoke nje ya geti. Kliniki ya wiki sita ilikuwa siku mbili baadaye. Daktari alinikagua, akasema ndani kumefunga vizuri, nirudi kazini taratibu na vitu vizito niendelee kuviepuka kwa muda. Shangazi akahesabu kwa vidole, akaona wiki sita ni siku 42, akamwambia daktari kwamba wamepishana siku mbili tu, na hizo mbili anampa yeye. Daktari alicheka, akampa mkono.

Aliondoka Jumatatu kwa basi la asubuhi. Aliniachia pilipili manga iliyobaki, na kwa mume wangu aliacha amri kwamba ndoo za maji ni zake mpaka mwezi wa Ramadhani. Nazo alizichota.