Nilivyozuia mpwa wangu asipelekwe Dar kucheza mpira akiwa na miaka 14

Januari 2023 kuna mtu alikuja kwa dada yangu Nkuhungu, hapa Dodoma, akajitambulisha kuwa ni wakala wa wachezaji, kamuona mpwa wangu kwenye uwanja wa shule na anataka kumpeleka akademi Dar. Dogo alikuwa na miaka 14, ndo kwanza anaingia form two, anacheza winga, mfupi lakini akishaupata mpira kuunyang'anya ni kazi. Dada alishaanza kuulizia bei ya begi. Jamaa anataka laki tatu na nusu ya usajili pamoja na cheti cha kuzaliwa, na akasema bila wasiwasi wowote kwamba cheti "watakirekebisha" ili dogo asomeke ana 12, halafu mwakani anaenda Ubelgiji. Ndo nikapigiwa simu mimi, mjomba mtu.

Sasa kilichonisaidia kwenye hii ishu ni hoki ya barafu, na namaanisha kabisa. Nafanya kazi ya usiku kwenye kituo cha mafuta barabara ya kwenda Singida, na kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja magari yanakata, unabaki wewe na baridi ya Dodoma na simu. Mwaka 2021 nikakutana na klipu ya mtoto wa Kanada anaitwa Connor Bedard, anapiga ile paki, kisahani cheusi cha raba, kwa gongo huku anateleza, golikipa hata hajui imepita wapi. Nikaanza kumfuatilia. Alikuwa anachezea Regina Pats kwenye ligi ya vijana ya magharibi ya Kanada, inaitwa WHL, na huo mji wa Regina uko nyuma yetu kwa masaa tisa, wakianza saa moja jioni kwao huku ni saa kumi alfajiri, yani muda wangu kabisa. Bando la mechi nzima sikuwa nalo, nilikuwa nafuata matokeo kwa maandishi halafu klipu za magoli naangalia asubuhi.

Nilichojifunza kwa huyo kijana sio magoli tu. Ile ligi ni ya kuanzia miaka 16 mpaka 20, ukiwa na 15 unaruhusiwa mechi chache tu. Bedard alipewa ruhusa maalum mwaka 2020 acheze msimu mzima akiwa na 15, wa kwanza kwenye historia ya WHL, na kabla ya kuipata watu walikaa wakamchunguza, sio kipaji peke yake, na shule, na utulivu wake, na kama kichwa kiko tayari kuishi maisha ya wakubwa. Wale vijana wakienda mbali na kwao wanawekwa kwenye familia inayowalea, na kila msimu mtoto anaocheza ligi inamlipia mwaka mmoja wa masomo baada ya sekondari. Nilivyosoma hiyo nilikaa chini kabisa pale kwenye pampu. Mtoto anayetazamwa na nchi nzima bado watu wanauliza habari ya shule, sisi huku mtu anakuja na daftari anataka mtoto na laki tatu na nusu.

Kwa hiyo sikumfukuza yule bwana. Nilimkaribisha chai, nikamwambia kaka naomba uniandikie vitu vitatu: dogo atalala kwa nani, atasoma shule gani, na akivunjika mguu nani anatibu. Akasema atatuma kwa WhatsApp. Hakutuma. Habari ya Ubelgiji nayo niliitafuta, sheria za FIFA haziruhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kusajiliwa kutoka nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache sana, na sisi hatukuwa na hata moja. Na cheti cha kufoji nilikikataa palepale mbele ya dada, maana ile jela anaingia nani?

Kazi ikawa nyumbani. Dada alininunia, mashemeji wakasema namzibia mtoto riziki, na dogo hakunisalimia karibu mwezi. Hiyo ndo iliniuma, kuliko maneno yote ya wakubwa. Sikubishana nae. Jumapili moja nikampelekea simu nikamuonyesha lile goli la Bedard dhidi ya Slovakia, robo fainali ya mashindano ya dunia ya vijana kule Halifax, muda wa nyongeza, anawapita watu watatu peke yake. Dogo akairudia kama mara kumi. Nikamwambia huyu mwenzio alikuwa anapiga paki nyuma ya nyumba yao siku zote, na sio mrefu. Tukakubaliana mazoezi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya shule, Umisseta, yale mashindano ya shule za sekondari, anacheza, na mtihani wa form two lazima afaulu.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Juni 2023 aliomba aje kituoni tufuatilie wote drafti ya NHL, ile ligi kubwa ya hoki, siku ambayo timu zinachagua vijana kwa zamu. Chicago Blackhawks walimchagua Bedard wa kwanza kabisa, baada ya msimu wa magoli 71 na asisti 72 kwenye mechi 57. Dogo akaniuliza, "Anko, hii miaka mitatu yote alikuwa timu moja tu?" Nikamwambia kwenye WHL ni Regina tu. Akanyamaza muda mrefu.

Mtihani alifaulu. Kupanda ngazi kwenye mpira bado, na simuharakishi, dada nae siku hizi ananiita mapema kabla hajaitikia mtu yeyote.

Januari 2024 Bedard akavunjika taya uwanjani, akakaa nje karibu wiki sita, na kwa vile nilikuwa nimelala mchana taarifa ilinifikia kutoka kwa dogo mwenyewe: "Anko umeona? Ndo lile swali lako la nani anatibu."