Misiani angepewa upande mzima wa santuri

Kwenye baa iliyo karibu na ninapokaa hapa Bristol kuna wazee wapenzi wa roki ya progresivu, na ubishi wao hauishi: ni mwanamuziki gani ambaye hakuwahi kuupiga muziki huo, lakini angeutaka angewashinda wenyewe? Wanatajana Waingereza na Wamarekani tu. Mimi ni mtu wa Kisumu, nina majina yangu.

Kwa asiyeujua muziki huo, ulizuka huku Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana walipochoka kubanwa na wimbo wa dakika 3. King Crimson walitoa santuri yao ya kwanza 1969. Mwaka 1972 kundi la Yes likajaza upande mzima wa santuri kubwa kwa wimbo mmoja, zaidi ya dakika 18, mwendo ukibadilika njiani na maneno yakiwa mafumbo matupu.

Kama ni mafumbo, basi namtaja kwanza D.O. Misiani, mwimbaji na mpiga gitaa wa benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo. Mzaliwa huyu wa Shirati, ng'ambo ya mpaka kule Tanzania, aliimba Biblia, historia na siasa kwa mafumbo yaliyowahi kumtia korokoroni. Gitaa la solo halikumfuata mwimbaji kama mtumishi. Lilimjibu, likambishia, besi nayo ikashika njia yake. Kilichomkwaza ni sahani. Benga iliuzwa kwenye santuri ndogo, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili. Mjomba wangu pale Kondele, Kisumu, alikuwa anainuka utamu ukiwa umekolea, anageuza sahani, anapuliza vumbi, anarudisha sindano, na sisi tumesimama mguu mmoja juu tunangoja gitaa liendelee. Mtu anayesimulia vile angepewa dakika 20 zisizokatwa, wale Yes wangekuwa na mpinzani.

Daudi Kabaka simuweki. Nampenda mno, ila yeye ni fundi wa wimbo mfupi. Ndiyo maana kundi la Tremeloes la hapa Uingereza walipoichukua “Helule Helule” yake mwaka 1968 ikawakaa vizuri. Ukiurefusha wimbo wa Kabaka unauharibu. Na wale mtakaoniletea rumba ya Kongo kwa sababu sebene ni ndefu, tulieni: urefu peke yake hautoshi. Sebene inataka ucheze, haina haja ya kukuhamisha mahali.

Anayeniuma zaidi ni Ayub Ogada, mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo. Mpiga nyatiti ni bendi ya mtu mmoja: vidole kwenye nyuzi 8, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao, njuga mguuni, na sauti juu ya yote hayo. Albamu yake ya 1993 ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel, yule yule aliyeimba na Genesis, kundi jingine la progresivu, mpaka 1975. Studio zao ziko kijiji cha Box, si mbali na hapa. Yaani mjaluo wetu na nyatiti yake alifika mpaka nyumbani kwa progresivu kwenyewe! Albamu ikatoka ya upole, nzuri ajabu, sibishi. Lakini mimi ningemwekea mpiga ngoma mkorofi, besi nzito na ngoma tatu za isukuti kutoka Kakamega, halafu nifunge mlango wa studio wiki nzima. Ogada alifariki 2019, kwa hiyo hayo yamebaki ndoto yangu.

Nilimsikilizisha mzee mmoja pale baa nyatiti kwenye simu. Ujanani alikuwa mpiga ngoma. Akaanza kuhesabu kwa kidole mezani, moja, mbili, tatu, akapotea. Akaanza tena, akapotea pale pale. Nikamwambia aache nyuzi, asikilize pete ya mguuni. Akainamisha kichwa, kidole kikasimama kidogo, kisha kikaingia. Sasa ananisumbua kila Ijumaa nimletee nyingine, na mimi nimeshamwambia zamu ya Misiani imefika, tena vipande vyote viwili nimeviunganisha.