Kisiki Kando ya Mguu

Ukitaka kujua kama sanamu ya Kirumi ya mwanamume ilinakiliwa kutoka kwa Wagiriki, usianze na uso. Angalia miguu. Kando ya mguu uliobeba uzito utakuta mara nyingi kisiki cha mti kisichohusiana kabisa na anachofanya mtu huyo.

Chukua Doryphoros, yaani Mbeba Mkuki, nakala ya marumaru iliyopatikana Pompeii na sasa iko makumbusho ya Napoli. Ile ya awali Polykleitos, mchongaji wa Kigiriki, aliitengeneza kwa bronzi, yapata mwaka 440 K.K. Bronzi huwa na uwazi ndani na haivunjiki kirahisi, kwa hiyo miguu miwili iliitosha. Marumaru ni habari nyingine: mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban tani 2.7, na jiwe hili huhimili kugandamizwa lakini si kupindwa. Mguu wa kushoto umerudi nyuma, kisigino kimeinuliwa. Mzigo wote unashukia kifundo cha kulia, na hapo ndipo jiwe hukatika. Ndiyo maana mchongaji aliacha kisiki nyuma ya mguu huo, na kijiti cha jiwe kati ya mkono unaoning'inia na nyonga.

Mkao wenyewe ndio urithi mkubwa wa Kigiriki. Nyonga ya kulia imepanda, bega la kulia limeshuka, na uti wa mgongo unapinda kidogo kufuata. Simama hivyo mbele ya kioo utaona.

Kunakili kulianza na plasta. Mwaka 1954 huko Baiae, mji wa kale wa Kirumi karibu na Napoli, vilipatikana vipande vya plasta vilivyotolewa kwenye sanamu za Kigiriki. Kutoka kwenye plasta vipimo vilihamishiwa kwenye jiwe, kisha ikaja tindo ya ncha, tindo ya meno, tupa, na keekee kwa misokoto ya nywele.

Tahadhari: kisiki peke yake si ushahidi, maana hata sanamu zilizobuniwa kwa marumaru tangu mwanzo zilihitaji egemeo. Warumi wenyewe walijua kulitumia kwa ujanja. Augustus wa Prima Porta, sanamu ya kaisari wa Roma iliyofukuliwa mwaka 1863, amesimama kama Mbeba Mkuki, ila penye kisiki pana Kupido, mwana wa mungu wa kike Venus, juu ya pomboo: anategemeza mguu, na papo hapo anakumbusha kwamba ukoo wa Augustus ulidai kutokana na Venus.

Kichwa kichunguze mwisho, tena kwa shaka. Mrusha kisahani aliyeko British Museum, nakala nyingine ya Kirumi ya sanamu ya Kigiriki, alibandikwa kichwa kisicho chake, kinachotazama chini badala ya kugeukia kisahani.