Wifi na bango langu

Wiki hii posa ya Rehema imepokelewa salama, mwenye fremu kapandisha kodi, na kichwani nimebaki na maneno ya wifi tu.

Mnamjua. Kashuka SGR kutoka Dar, begi hajatua, macho juu ya bango langu lililoandikwa General Store. "Wifi, store si ni stoo? Stoo wanaweka magunia. Wewe una duka, andika shop."

Mimi nikamjibu, "Karibu ndani wifi, vumbi hilo." Basi! Na mteja wa mafuta ya kupima yupo pale, anacheka chini chini.

Tangu siku hiyo namjibu nikiosha vyombo. Wifi, Marekani duka la kawaida ndiyo store, hata la kijijini. Shop kwao mara nyingi ni kinyozi, gereji, au kiduka cha kitu kimoja. Waingereza ndio wenye shop yako hiyo, na hata wao duka likiwa kubwa, lenye idara zake, wanaliita department store. Stoo ya magunia ipo, sikatai. Ila general store ni duka la kila kitu, na mimi nina chumvi, misumari, viberiti, daftari, mpaka kamba za mbuzi. Nikifika hapo namwona tena, kidole juu, "andika shop", nami nguvu zinaniishia.

Jana nikavuka barabara kutafuta chenji kwa jirani. Bango lake jipya, herufi nyekundu: Mini Supermarket. Nikasimama nje ya nondo kama kawaida, nikanyoosha kidole: nipe sabuni ile, siyo hiyo, ya pembeni yake. Kicheko kikanishika mpaka akauliza kulikoni. Jamani, supamaketi si unaingia na kikapu unachukua mwenyewe? Clarence Saunders alifungua duka la kujichukulia kule Memphis, Marekani, mwaka 1916. Wakati huo wauzaji ndio walikuwa wakimletea mteja bidhaa kaunta. Kwa jirani mkono haupiti, labda uwe na noti.

Na wifi alinunua vocha palepale! Akarudi anasifia, "Wale wa supamaketi wachangamfu." Nimecheka peke yangu mpaka usiku.

Bango halifutwi. Ila baba kapiga simu kutoka Mpunguzi: zabibu zimeiva, mawingu yametanda, zikinyeshewa zitapasuka, na mnunuzi aliyeahidi kuja Jumatatu hapokei simu.