Matembele ya Mama Mkubwa

Kitinda mimba wangu amechaguliwa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kusomea kilimo cha bustani. Juzi anajaza fomu, akaniuliza bila kuinua macho: "Mama, hivi huyu Sokoine alikuwa mtu gani?" Nikampa ya kitabuni: Waziri Mkuu, akafa kwa ajali ya gari Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma, na chuo kikaanzishwa mwaka huo huo kwa jina lake. Sikumwambia kwamba mimi nikilisikia jina hilo, puani hunijia harufu ya jivu lililolowa.

Waliokulia Ngamiani, Tanga, miaka ile watanielewa. Tanuri la Baba Mkubwa lilikuwa uani, na nyuma yake kipande cha ardhi cha kutandika mikeka minne. Unga wa ngano ulipoanza kuja kwa mgao, kisha usije kabisa, Mama Mkubwa akakitwaa kile kipande. Tukakichimba, tukakilisha jivu la makumbi ya nazi lililorundikana miaka na miaka. Mchicha ukatoka, bamia, nyanya chungu. Wateja walikuja kuulizia mkate wakaondoka na fungu la mchicha, wengine wakisonya.

Machi 1983 ikaanza vita ya Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi, msako wa walioficha bidhaa. Redio haikuwa na jingine. Watu wakatupa bidhaa mitaroni usiku, hayo mmeshayasikia. Baba Mkubwa alikuwa na madebe mawili ya mafuta ya kupikia, akiba ya skonzi za Ramadhani. Usiku mmoja yakatoweka stoo, na asubuhi kukawa na tuta jipya uani, marando ya matembele yamechomekwa kwa mstari ulionyooka mno. Sisi watoto tukaambiwa tumwagilie tu. Masika imeshaanza, mvua kila siku, tunamwagilia.

Walipokuja, matembele yalishafunika tuta lote. Mgambo wawili, pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye hakuweza kumtazama mtu usoni. Wakapekua stoo, wakapekua hata ndani ya tanuri, lililokuwa baridi. Kisha uani. Mmoja, mwembamba, mwenye bakora, akapanda juu ya tuta. Si kando yake, juu yake. Viatu vikazama kidogo. Akaanza kuchomachoma kwa ile bakora, hapa, na hapa, kama atafutaye kiazi. Mimi nimeshika kopo la maji. Nikamtazama Mama Mkubwa: anachambua mchicha, mikono haisiti. Bakora ikagonga kitu. Nilisikia, wallahi. Mlio mdogo, wa bati.

Mgambo akainama. Akachuma jani, akaligeuza.

"Mama, haya mnayatilia mbolea gani?"

"Jivu, mwanangu. Jivu na dua."

"Basi nichumie kidogo. Kwangu leo hakuna mboga."

Mama Mkubwa akaja, akapiga magoti mbele ya vile viatu, akachuma pole pole, vile vichwa laini tu, akamfungia kwenye gazeti. Na yule kijana akalipa! Ndugu zangu wakubwa wanashikilia kwamba hakusikia kitu. Wao walikuwa barazani. Mimi nilikuwa pale, na niliona alivyoinua bakora baada ya ule mlio, taratibu, asiichomeke tena.

Ramadhani ile unga ulipatikana kidogo, skonzi zikatoka, laini, zina mafuta, mtaa ukamwombea Baba Mkubwa dua. Nami ningependa kumwita mwokaji aliyeona mbali nikanyamaza. Ila kabla ya hapo, madebe yakiwa bado chini, jirani yetu wa ukuta mmoja alikuja kuomba mafuta, hata kikombe, apikie pilau ya arobaini ya mumewe. Baba Mkubwa akamwambia hakuna, hata tone. Kisha akaenda uani mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kugusa mboga, akamchumia matembele kapu zima, na pesa akakataa.