Navyopanga listi ya nyimbo za shoo (na ule ushauri wa "kali wekeni mwisho")

Kila mtu ana ushauri kwa bendi, hata asiyewahi kushika gitaa, na wote wanaimba kitu kimoja: nyimbo kali zitunzeni mwisho. Haya, tukazitunza. Tulikuwa na dakika 45, waliotutangulia wakajiongezea muda, tunapanda jukwaani tunaambiwa zimebaki 25. Tukapiga zile za kupasha koo, watu wako bize na simu zao, halafu mpiga besi ndo anaanza intro ya ngoma yetu kubwa, noti mbili tu, MC huyooo na maiki yake, "tuwapigie makofi jamani!" Hadi leo mpiga besi ukimtania na zile noti mbili anakununia.

Siku hizi napanga kwa mafungu, nyimbo tatu tatu, na kila fungu linafungwa na wimbo ambao hata ukiwa ndo wa mwisho usiku ule hakuna atakayedai chenji yake. Tukikatwa muda natoa fungu zima la katikati, nanyoosha vidole viwili kwa mpiga drams, yamekwisha, hakuna cha kunong'onezana mbele za watu. Ndani ya fungu hatusimami kabisa, drams zinashikilia mdundo mpaka wimbo unaofuata uingie. Stori ni kati ya fungu na fungu, na gitaa linatuniwa hapohapo, maana nyimbo zinazotaka nyuzi zilegezwe ili sauti ishuke nimezirundika pamoja, kabla ya hapo mpiga solo alikuwa anatuni kila wimbo ukiisha na sisi tumesimama kama watu ndani ya lifti.

Mwimbaji simpi nyimbo mbili za sauti ya juu mfululizo, na wa kwanza kabisa hauwi wa juu. Ki moja (yaani sauti ya msingi ya wimbo) ikirudiwa mara tatu mfululizo nayo inachosha, msikilizaji hajui kwa nini ila anaanza kuangalia mlango.

Kwa dakika 45 naandika nyimbo 9, za dakika nne nne hivi, hizo dakika zinazobaki makofi na maneno yatazila zote, wala usihangaike kuzijaza.

Karatasi ya listi tumia markapeni nyeusi nene, jina la wimbo, ki, na nani anaanza. Nyekundu hapana! Taa nyekundu ikiwaka maandishi yote yanapotea, karatasi inabaki tupu miguuni. Mpiga kinanda wetu yeye bado anang'ang'ania kusomea kwenye simu, ikizima skrini anachungulia yangu.